Mtu Si Onyo: Tamthiliya za Televisheni na Kumbukumbu ya Waliopambana na UKIMWI

Utangulizi

Kila ifikapo tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, vijana wa sharika zetu huandaa igizo. Mtumishi aliyewahi kufanya kazi Kibondo au Kasulu anaijua hadithi yake kabla haijaanza. Kijana anaondoka kijijini kwenda mjini. Anapata fedha, anapata marafiki, anakutana na mwanamke wa baa. Katika sehemu ya pili kijana huyo amelala mkekani, amekonda, anakohoa, na mama yake analia kando yake. Mwishoni msimulizi anawageukia washarika na kuwaambia: mmeona wenyewe. Makofi yanapigwa, na mgonjwa anainuka akicheka, kwa kuwa alikuwa mwigizaji tu.

Swali la makala hii linatokana na mkeka huo. Aliyelala pale ni mtu, au ni onyo? Nakusudia kulijibu kwa kuzichambua tamthiliya mbili za televisheni kutoka ng'ambo, Pose ya Marekani na It's a Sin ya Uingereza. Zote mbili zinasimulia upya historia ya UKIMWI miongoni mwa wapenzi wa jinsia moja na, katika ile ya kwanza, miongoni mwa wanawake ambao walipozaliwa walihesabiwa kuwa wavulana. Najua kwamba kwa wasomaji wengi wa jarida hili watu hao huwa mada ya mabishano kabla hawajawa watu. Ndiyo sababu nimezichagua. Hoja yangu ni kwamba tamthiliya hizi zimejifunza kumwomboleza mgonjwa, jambo ambalo maigizo yetu hayajalifikia. Na kwamba zilipopungukiwa, zimepungukiwa mahali panapotuhusu sisi tulio mbali na New York na London.

Sheria pasipo Injili

Yafaa tuanze na historia yetu wenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage, ambayo ni hospitali ya Kilutheri. Kanisa letu, basi, halikuupata ugonjwa huu kwa kusimuliwa. Lilikuwa mlangoni ulipobisha hodi. Watu wa Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo ya fasheni iliyoletwa na biashara ya mpakani. Baadaye mitaani ukaitwa umeme, miwaya, ngoma. Lugha ilikuwa inalikimbia jina, na aliyeugua alikimbiwa pamoja nalo.

Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa redio Twende na Wakati. Mhusika wake mashuhuri alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na pamoja naye mkewe Tunu, ambaye polepole anajifunza kusimama mwenyewe. Mchezo ulitungwa kwa mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico: awepo mwema wa kuigwa, awepo mbaya wa kuepukwa, na awepo anayeyumba katikati mpaka achague. Watafiti waliufanya kuwa jaribio. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili wasikilizaji wa kwingineko walinganishwe na wasiousikia, nao walihitimisha kwamba mchezo ulichangia kubadili mwenendo wa watu.

Mafanikio hayo si ya kudharauliwa. Sheria ina kazi yake: inazuia uovu, tena inamfunulia mwenye dhambi hali yake. Mhubiri anayeona haya kuonya hakulipenda kundi lake. Lakini wanafunzi wa Luther wanajua pia kwamba Sheria ikiachwa peke yake huua au huzaa wanafiki. Msikilizaji ambaye hajaambukizwa alijifunza kwa Mkwaju jinsi ya kujihadhari. Msikilizaji aliyekwisha kuambukizwa alijifunza nini? Alisikia kwamba hadithi yake imekwisha na fundisho limepatikana.

Tamthiliya ya televisheni Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, ilikwenda hatua mbele. Mpiga picha Cheche wa Bagamoyo ana makosa mengi, na bado mtazamaji anampenda. Hata hivyo mpango wa mwema, mbaya na anayeyumba hauna nafasi ya mtu wa aina ya nne, yaani mgonjwa anayesimama na kudai haki. Watu hao walikuwapo kwetu. Noerine Kaleeba alianzisha shirika la TASO nchini Uganda mwaka 1987 baada ya kufiwa na mumewe. Mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza ugonjwa wake hadharani mwaka 1989, akauzungukia umma akizungumza na vijana, akafa Desemba ya mwaka huo huo. WAMATA ilizaliwa Tanzania mwaka 1989. Mchungaji Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana Uganda alijitangaza mwaka 1992 akiwa bado katika utumishi. Hawa hawakuwa onyo kwa mtu yeyote. Walikuwa mashahidi.

Nyumba na mama yake

Pose ilionyeshwa kuanzia mwaka 2018 hadi 2021. Inasimulia habari za vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, waliofukuzwa na wazazi wao na kukusanyika katika makundi yanayoitwa nyumba. Kila nyumba ina mama. Blanca, mama wa nyumba moja, ana virusi vya UKIMWI. Anapika, anakemea, anawalipia watoto ada, anawauliza walilala wapi. Kama tamthiliya hii ingepita katika kibanda cha video pale Kasulu, ambako msimulizi huzifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili papo hapo, neno moja lisingempa taabu hata kidogo. Mama ni mama. Watazamaji wangemtambua Blanca kwa sufuria yake kabla ya kuuliza alizaliwaje.

Hapa ndipo uwezo wa tamthiliya unapoonekana. Hoja huanza na jina la kundi. Tamthiliya huanza na chakula cha jioni. Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Neno shoga, ambalo leo hutamkwa kama tusi, katika vinywa vya wanawake wa Pwani ni jina la rafiki wa moyoni. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni kama anayeitwa ameketi nasi au amesimama nje.

Msimu wa pili unaingia katika historia ya harakati. ACT UP, muungano wa wanaharakati wa UKIMWI, ulianzishwa New York mwezi Machi 1987. Tarehe 10 Desemba 1989 maelfu ya waandamanaji waliizunguka Katedrali ya Mtakatifu Patrick wakimpinga Kardinali John O'Connor, aliyekataa mafundisho ya kinga ya kondomu. Waliokamatwa walikuwa 111. Ndani ya kanisa wengine walijilaza kama maiti, na mmoja aliuvunjavunja mkate wa Ekaristi, tendo lililowaudhi hata wengi waliowaunga mkono. Pose inalihamishia tukio hilo mwaka 1990, na miongoni mwa waliolala sakafuni inawaweka Blanca na jamaa zake.

Je, huo ni uongo? Mikutano ya ACT UP ilijaa hasa wanaume weupe, na wanawake kama Blanca hawakuwa kitovu chake. Hata hivyo wanawake na watu weusi walikuwamo na walipigana. Kutokana na msukumo wa wanawake, mwaka 1993 maana rasmi ya UKIMWI nchini Marekani ilipanuliwa ikaingiza saratani ya shingo ya kizazi. Kabla ya hapo wengi wao walikufa bila kuhesabiwa. Msomaji wa Agano la Kale hashangai kuona historia moja ikisimuliwa mara mbili. Vitabu vya Mambo ya Nyakati vinarudia habari za Wafalme kwa mkazo mwingine, kwa ajili ya watu waliohitaji kujua kama bado wana sehemu katika hadithi. Pose inafanya kazi ya namna hiyo kwa watu ambao mashahidi wao walikufa mapema.

Lakini anayesimulia upya hubeba wajibu. Katika kumbukumbu ya waumini wengi uliobaki ni ule mkate uliovunjwavunjwa. Katika kumbukumbu ya tamthiliya imebaki miili iliyolala sakafuni. Mwanateolojia wa Kilutheri hawezi kuichukua kumbukumbu moja na kuitupa nyingine, maana anakiri kwamba mwili wa Kristo ulitolewa kwa ajili ya miili ile. Aliyeuharibu mkate alikosea. Waliopita kando ya miili hiyo wakilinda utaratibu wa ibada nao wana swali la kujibu, na mtume Paulo ameliuliza katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, anaposema juu ya wanaokula wasiupambanue mwili.

Kurudishwa nyumbani

It's a Sin ilitungwa na Russell T Davies na kuonyeshwa mwaka 2021 katika sehemu tano, ikisimulia miaka ya 1981 hadi 1991. Sehemu yake ya mwisho ingeweza kuandikwa Kibondo. Ritchie, mwigizaji kijana wa London, yu mahututi. Mama yake, Valerie, anamwondoa mjini na kumpeleka nyumbani katika Kisiwa cha Wight. Rafiki yake Jill, aliyemuuguza, anasafiri hadi huko na kusubiri siku baada ya siku, lakini mama hamruhusu kumwona. Kisha anamjulisha kwamba mwanawe amekwisha kufa. Ritchie amekufa akiwa peke yake, na Jill anamwambia mama huyo waziwazi kwamba aibu ya nyumba yake imeua.

Watu wa nyanda za juu za Kigoma wana ujuzi wa kale wa safari hiyo. Tangu enzi za ukoloni wanaume wa Kiha waliondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga kama manamba. Wengine walirudi na mabati, wengine walirudi wagonjwa, wengine hawakurudi. UKIMWI ulipokuja uliikuta njia imekwisha kuchongwa: kijana huenda mjini akiwa na nguvu na hurudishwa nyumbani kufa. Pamoja naye hurudi swali ambalo Valerie alilifungia mlango: huko alikokuwa, ni nani waliompenda?

Mchungaji huikuta aibu hiyo katika wasifu wa marehemu. Tarehe ya kuzaliwa husomwa, shule alizosoma, kazi alizofanya; kisha husemwa kwamba aliugua kwa muda mrefu. Wote makaburini wanajua. Hakuna anayemtaka mchungaji atangaze siri ya mtu, na usiri wa mgonjwa ni amana takatifu. Lakini kuna tofauti kati ya siri inayomlinda marehemu na ukimya unaowalinda waliobaki. Ukimya wa pili humzika mtu mara mbili.

Pose inalishika jambo hili kwa ujasiri zaidi. Mhusika Candy anauawa, na katika msiba wake tamthiliya inamruhusu azungumze na kila mwombolezaji: aliyemdharau, aliyemwonea wivu, na mwisho wazazi wake waliomkataa. Katika sehemu ya kwanza ya msimu huo huo Blanca na rafiki yake Pray Tell wanavuka maji hadi Kisiwa cha Hart, makaburi ya maskini wa New York, ambako majeneza yana namba mahali pa majina. Hilo si la kubuni. Mwaka 1985 wafu wa kwanza wa UKIMWI walizikwa huko mbali na wengine, katika makaburi yaliyochimbwa kwa kina zaidi, kana kwamba hata maiti zingeambukizana.

Katika msimu wa tatu Pray Tell, akijua siku zake zimebaki chache, anarudi kwa mama yake na katika kanisa alilokulia. Anamkuta mchungaji ambaye ujanani walipendana, na ambaye sasa amejificha nyuma ya mimbari. Kanisa hilo halichorwi kuwa adui tu. Ni mahali palipomjeruhi, na ndipo pia alipojifunza kuimba. Anaimba tena kabla ya kuondoka. Nashauri kila mwanafunzi wa uchungaji wa kichungaji aitazame sehemu hiyo na kujiuliza ni yupi kati ya wale wawili aliyekuwa akihubiri siku ile.

Katika Majadiliano ya Heidelberg ya mwaka 1518 Luther alitofautisha teolojia ya utukufu na teolojia ya msalaba. Mwanateolojia wa utukufu huuona ubaya akauita wema. Yule wa msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi, naye humtafuta Mungu katika mateso anakojificha. Kwa kipimo hicho, tamthiliya hizi za kidunia hutamka jina la ugonjwa, jina la mgonjwa na jina la aibu pale ambapo ibada zetu za maziko hunong'ona.

Dawa zilifika lini?

Pamoja na hayo, tamthiliya hizi zina upungufu, nao unatugusa moja kwa moja. It's a Sin inaielekeza hasira yote ya mwisho kwa mama mmoja. Tamthiliya huhitaji uso wa kulaumiwa, lakini historia ilikuwa na bunge, hospitali na magazeti. Davies mwenyewe alikwisha kuonyesha kijana Colin akifungiwa hospitalini kwa nguvu ya sheria. Uzito huo unapotea mlango wa Valerie unapofungwa. Ni rahisi kumhukumu mama kuliko kulihukumu bunge.

Pose nayo inamalizia kwa ushindi. Dawa za mchanganyiko, zilizoanza kuleta nafuu kubwa mwaka 1996, zinafika. Pray Tell anakufa baada ya kumpa kijana aliyempenda sehemu ya dawa zake. Blanca anapona akiwa muuguzi. Kwa saa za New York huo ni mwisho wa haki. Kwa saa zetu, mpango wa taifa wa kutoa dawa hizo ulianza Tanzania mwaka 2004. Kati ya 1996 na 2004 ipo miaka minane ambayo kwa Blanca ni mwanzo wa uzee, na kwa wachungaji wetu ni miaka ya kuzika. Mtazamaji anayefuta machozi ya furaha katika sehemu ya mwisho haambiwi kwamba wakati huo huo kambi za wakimbizi za Kibondo na Kasulu zilikuwa zimejaa watu wa Burundi na Kongo, na kwamba huko habari ya dawa hizo ilikuwa bado ndoto.

Ni nani aliyeipunguza miaka hiyo? Walikuwa wengi: serikali, mfuko wa dunia ulioanza mwaka 2002, mpango wa Marekani wa mwaka 2003, madaktari, na makanisa pia. Lakini kuna kundi ambalo hatulisemi. Mwanaharakati Simon Nkoli, aliyewahi kushtakiwa kwa uhaini na utawala wa makaburu na aliyekuwa mpenzi wa jinsia moja, alikufa kwa UKIMWI Afrika Kusini tarehe 30 Novemba 1998. Siku kumi baadaye Zackie Achmat na wenzake walianzisha harakati ya kudai matibabu iliyojulikana kama TAC. Achmat, naye mpenzi wa jinsia moja aliyeishi na virusi, alikataa kwa miaka kadhaa kumeza dawa alizoweza kuzipata mpaka maskini nao wazipate. Mwezi Aprili 2001 makampuni ya dawa yaliiondoa kesi yao dhidi ya serikali ya Afrika Kusini, kesi ambayo TAC ilijiunga nayo kuipinga, na njia ya dawa za bei nafuu barani ikapanuka.

Historia hii ndiyo inayostahili kutungiwa tamthiliya, na ndiyo inayofika hadi zahanati za Kibondo. Mama wa Kiha anayepokea vidonge vyake leo anapokea, pamoja na mengine, matunda ya njaa ya hiari ya mtu ambaye huenda asingekaribishwa kuketi katika benchi la kanisa lake. Katika Luka 10 mwanasheria aliyeulizwa ni yupi aliyekuwa jirani hakuweza hata kulitamka neno Msamaria. Alijibu kwa kuzungukazunguka. Lakini alijibu sawasawa.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba makala hii inapitisha kwa mlango wa nyuma jambo ambalo Kanisa limekwisha kuliamua. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilieleza msimamo wake juu ya ndoa za jinsia moja katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010, na sheria ya nchi, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, inaweka adhabu hadi kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe. Makala hii haijadili ndoa. Inauliza jambo linalotangulia: je, mgonjwa aletwaye akiwa na historia hiyo atauguzwa, ataombewa na kuzikwa kwa jina lake? Mwaka 2017 vituo kadhaa vilivyowahudumia watu wa makundi hayo nchini vilizuiwa kutoa huduma, na ugonjwa haukuheshimu katazo. Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika zilitikisika kwa watu wa kila namna. Virusi havisomi matamko. Mchungaji husoma, na baada ya kusoma bado ana mgonjwa mlangoni.

Hitimisho

Mwaka 1997 Studio Ijambo ya Burundi ilianza kutengeneza mchezo wa redio wa mwandishi Marie-Louise Sibazuri juu ya familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi. Uliitwa Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu. Jina hilo halihitaji mkalimani Kibondo wala Kasulu, kwa kuwa Kiha na Kirundi husikilizana. Kwa watu waliokuwa wameuana, mchezo ule ulithubutu kutoa ujumbe ambao Pose inautoa juu ya nyumba ya Blanca: undugu hufanywa na anayekaa na mgonjwa usiku. Hatuhitaji kwenda ng'ambo kujifunza hilo. Tulikuwa nalo hewani, katika lugha ya nyumbani.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi watakaopangiwa sharika msimu ujao, na vijana watakaowaongoza Desemba, walifanye igizo lao upya. Onyo libaki, maana bado lina kazi. Lakini yule aliyelala mkekani apewe maneno. Aseme jina lake, amtaje aliyemuuguza mjini, na huyo aliyemuuguza aingie jukwaani akiwa amechoka kwa safari, abishe hodi. Kisha mama afungue mlango.